Jinsi ya kurudisha kromu inayomwagika na maji ya kiwanda cha ngozi: mwongozo kamili wa njia ya magnesia

Ndugu zangu wa viwanda vya ngozi, iwe upo Moshi, Mwanza, Thika, Athi River au Jinja, leo tuongelee kitu kimoja tu mpaka kiishe: yale maji ya bluu-kijani yanayotoka kwenye drumu baada ya taningi, yaani kuitia ngozi mbichi dawa ya kromu ili isioze. Yale sio uchafu. Ile ni dawa umeilipia kwa dola, imekuja na meli, umelipia bandarini, umelipia lori, halafu theluthi yake nzima tunaifungulia valvu iende zake mtaroni, na kule mtaroni inageuka kuwa kesi na watu wa mazingira na ugomvi na majirani wenye visima na bustani za mchicha. Wakati kuirudisha inawezekana kabisa, kemia yake ni ya miaka mingi na sio ngumu, vifaa vingi unavipata hapahapa, na kwa kiwanda cha kati haihitaji mtambo wa mamilioni ya dola.

Njia ninayoielezea ni ya kugandisha kromu kwa magnesia (oksidi ya magnesiamu), kulikusanya lile tope, kuliyeyusha tena kwa asidi ya salfuriki na kuirudisha kwenye drumu. India wameitumia sana, Taasisi ya Utafiti wa Ngozi ya Chennai imeisukuma kwa miaka mingi kwenye viwanda vidogo na vya kati, na ndio maana naipenda kwa mazingira yetu, imepikwa kwa ajili ya watu wasio na hela nyingi.

Kwanza hesabu, maana bosi atauliza

Chukua bechi ya ngozi kilo 2,000, uzito wa baada ya kutoa manyoya na nyama. Wengi wanaweka kromu poda asilimia 8 ya uzito huo, yaani kilo 160. Poda za sokoni nyingi zina oksidi ya kromu kama asilimia 25, kwa hiyo ndani ya kilo 160 kromu yenyewe, ukiipima kwa oksidi, ni kilo 40. Nyingine ni chumvi na salfeti tu.

Kwa taningi ya kawaida ngozi inameza kama asilimia 60 mpaka 70. Tuseme 65. Zinabaki kilo 14 za oksidi. Hizo zote huwezi kuzikamata, nyingine inabaki kwenye unyevu wa ngozi na kutoka baadaye kidogokidogo kwenye maji ya kusuuza, ila ukikusanya maji ya drumu, maji ya mashine ya kukamua na msuuzo wa kwanza, kupata lita 3,000 zenye gramu 3.6 kwa lita ni kitu cha kawaida. Hapo una kilo 10.8 za oksidi, ambazo ni sawa na kilo 43 za poda mpya. Kila bechi! Zidisha mara bechi za mwezi, zidisha mara bei unayonunulia, halafu ndio uende kwa bosi na karatasi.

Ila kabla hujarudisha, punguza kinachotoka. Hii watu wanairuka na sio sawa. Ukipunguza maji kwenye drumu, ukaacha joto lipande mpaka kama nyuzi 40 mwishoni, ukaongeza muda wa kuzungusha na ukapandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) taratibu mpaka 3.8 hadi 4.0, ngozi inameza kromu nyingi zaidi, na wanaofanya kwa umakini wanafika asilimia 80 na zaidi. Hiyo haikugharimu tangi hata moja. Fanya hivyo kwanza, halafu kinachobaki ndio tukirudishe.

Hatua ya 1: tenganisha mabomba

Nikiambiwa niseme hatua moja tu kwenye mwongozo wote huu nitasema hii. Viwanda vingi vyetu vina mtaro mmoja, maji ya kuloweka, maji ya chokaa ya kutoa manyoya, maji ya kromu na maji ya rangi yote yanakutana hapo na kwenda bwawani. Kromu ikishachanganyika na maji ya chokaa imeshaganda pamoja na mafuta, protini, manyoya na kalisiamu, na tope lile huwezi tena kulirudisha kwenye ngozi nzuri, limeshakuwa taka ya sumu ya kulipia kuizika. Yaani urejeshaji unafanikiwa au unakufa pale chini ya drumu, sio kwenye tangi la kemikali.

Na kuna sababu kubwa kuliko hela. Maji ya chokaa yana salfaidi, pH yake ni 12 na kuendelea. Maji ya kromu na ya pikolingi (kuloweka ngozi kwenye asidi na chumvi kabla ya kromu) yana asidi. Yakikutana kwenye mtaro uliofunikwa au kwenye shimo, pH ya yale ya chokaa ikashuka, inatoka gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na gesi hii inaua. Watu wanaoshuka kwenye mashimo ya viwanda vya ngozi kuzibua wamekufa kwa gesi hii sehemu nyingi duniani, na mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumuokoa wa kwanza. Halafu usitegemee pua, maana gesi ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, unadhani imeisha kumbe ndio imezidi. Kwa hiyo kutenganisha mabomba ni kulinda vijana wako kabla hata ya kuongelea kilo 43.

Unafanyaje sasa. Madrumu ya taningi yawe na mfereji wao peke yao, na madrumu ya chokaa wao. Kama drumu moja linafanya kazi zote mbili, weka bomba la plastiki lenye njia mbili chini ya mlango wa kutolea maji, valvu ya chokaa na valvu ya kromu, na uzipake rangi tofauti, mfano nyeupe na bluu, ili hata kijana wa zamu ya usiku asikosee. Kabla ya kufungua ya bluu drumu liwe limeshasuuzwa. Mashine ya kukamua nayo iwekewe sinia na bomba, maji yake yana kromu nyingi sana na mara nyingi yanamwagika sakafuni tu. Mabomba yawe ya plastiki, chuma cha kawaida kinaliwa na asidi halafu kutu inaingia kwenye kromu yako, na chuma kwenye ngozi ni madoa meusi hasa ukija kutumia tanini za mimosa baadaye.

Hatua ya 2: matangi

Kwa lita 3,000 kwa siku unahitaji vitu hivi:

- tangi la kukusanyia, lita 5,000, simtanki inatosha
- tangi la kugandishia, lita 4,000, ikiwezekana lenye kitako cha koni, na valvu pembeni kwa urefu tofauti tofauti za kutolea maji ya juu
- tangi la kuyeyushia, lita 500, plastiki nene au faibaglasi
- tangi la kuhifadhia kromu iliyorudishwa, lita 1,000
- mixa yenye panga na shafti ya stenlesi ya 316 au iliyopakwa faibaglasi, ya mwendo wa polepole
- pampu mbili za plastiki zinazovumilia asidi, moja ya maji na moja ya tope
- mita ya pH pamoja na bafa zake (maji ya kuirekebishia), na karatasi za pH za akiba maana elektrodi zinachoka

Tangi la kugandishia liinue juu ya stendi ili tope lishuke lenyewe kwenye tangi la kuyeyushia, unaokoa pampu moja na usumbufu wa kuziba. Sakafu chini ya matangi iwe na ukuta mdogo pembeni, tangi likipasuka kromu ibaki hapo.

Filta presi (mashine ya kukamua maji kwenye tope)? Kwa njia ya magnesia sio lazima kwa kuanza. Kwa kostiki soda ingekuwa lazima, na hapo ndio tofauti kubwa ya gharama ilipo.

Hatua ya 3: chuja na toa mafuta

Maji yakitoka drumu yanakuja na nyuzi za ngozi, vipande na mafuta. Pitisha kwenye wavu wa stenlesi wa matundu ya milimita 1, uwe unatolewa na kuoshwa kila bechi. Halafu yaache yatulie kwenye tangi la kukusanyia masaa kadhaa, mafuta yanaelea, yaondoe kwa juu. Ngozi za kondoo na mbuzi zina mafuta zaidi kwa hiyo hapo usiwe mvivu, mafuta yakibaki tope linaelea badala ya kuzama na kesho yake kromu uliyoirudisha inaacha mabaka ya mafuta kwenye wetibluu (ngozi ya bluu iliyotoka kwenye kromu).

Hatua ya 4: pima kromu iliyomo

Usifanye kwa macho. Rangi ya bluu iliyokolea haikuambii gramu ngapi. Kipimo chenyewe ni taitresheni ya kawaida (kudondoshea dawa ya nguvu inayojulikana mpaka rangi igeuke), maabara ya shule ya sekondari yenye vifaa inaweza kukifanya, na kama hauna maabara ongea na chuo au ofisi ya viwango iliyo karibu uwapelekee sampuli mpaka utakapojijenga.

Chukua mililita 10 za maji yaliyochujwa, weka kwenye chupa ya koni, ongeza maji safi kama mililita 100, tia kostiki soda mpaka tope la kijani liyeyuke tena, halafu tia haidrojeni paroksaidi. Chemsha. Rangi itageuka kuwa njano, hiyo ni kromu iliyogeuka kuwa kromati. Endelea kuchemsha dakika 15 mpaka 20 hadi mapovu ya paroksaidi yaishe kabisa, maana ikibaki itakupa jibu la uongo. Poza, tia asidi mpaka rangi iwe ya machungwa, tia potasiamu ayodaidi, funika weka gizani dakika 10, halafu taitreti na sodiamu thayosalfeti ya 0.1 N mpaka iwe njano hafifu, tia wanga, endelea mpaka bluu nzito ya wanga ipotee na ibaki kijani-bluu nyepesi.

Kila mililita ya thayosalfeti hiyo ni miligramu 2.533 za oksidi ya kromu. Kwa sampuli ya mililita 10, zidisha mililita ulizotumia mara 0.2533 unapata gramu kwa lita. Umetumia 14.2? Basi una gramu 3.6 kwa lita.

Angalizo: pale kwenye chupa umetengeneza kromu ya daraja la sita kwa makusudi, na hiyo inasababisha kansa, tofauti na ya daraja la tatu iliyoko kwenye drumu. Glavu, miwani, sehemu yenye hewa. Na mabaki ya kipimo usimwage kwenye sinki, yakusanye kwenye chupa yenye asidi kidogo na utie sodiamu metabaisalfaiti mpaka rangi yote ya njano iishe iwe kijani, ndio uyapeleke kwenye tangi la kukusanyia.

Hatua ya 5: jaribio la biika (glasi ya maabara)

Kwa nini magnesia na sio kostiki soda au chokaa? Kostiki inafanya kazi haraka, ila tope lake ni jepesi kama uji, linajaza nusu ya tangi na halitulii, na ukizidisha kidogo pH inaruka juu kromu inayeyuka tena. Chokaa nayo inaleta jasi, yaani kalisiamu salfeti, inayochafua tope lote. Magnesia inayeyuka polepole, pH inapanda taratibu, na hata ukizidisha haivuki sana 10, kwa hiyo inakulinda. Tope lake ni zito, punjepunje, baada ya usiku mmoja linakaa kwenye kama sehemu moja ya kumi ya tangi. Ina bei kuliko chokaa, ndio, lakini hauhitaji filta presi na kromu unayopata ni safi.

Nunua magnesia iliyochomwa kwa moto wa wastani, unga laini. Ile iliyochomwa sana ya kutengenezea matofali ya tanuru haichangamki, utakoroga mpaka kesho. Na magnesaiti ghafi, kama ile ya Chambogo kule Same, ni kabonati, haifai ikiwa haijachomwa.

Kinadharia, kwa kromu yenye ubesi (kiasi cha alkali kilichoshikana na kromu) wa asilimia 33, kila kilo 1 ya oksidi ya kromu inataka kama kilo 0.53 ya magnesia, halafu unaongeza ya kuua asidi iliyobaki kwenye maji. Ni kiasi gani zaidi? Hapo ndio unafanya jaribio. Weka lita moja moja ya maji yako kwenye biika tano, tia magnesia gramu 2.5, 3, 3.5, 4 na 4.5, koroga saa moja mpaka mbili, soma pH, acha itulie. Unayoitaka ni ile ya kiasi kidogo zaidi ambayo maji ya juu ni meupe kabisa na pH ipo kati ya 8 na 9. Kwa maji yetu ya gramu 3.6 tuseme imeshinda ya 3.5 mpaka 4.

Kama maji ya juu yanabaki ya kijani hata pH ikiwa 9, shida mara nyingi sio magnesia, ni fomati au asidi za oganiki zilizotumika kwenye drumu kufunika kromu, zinaishikilia isigande. Ongea na fundi wa drumu apunguze, au pasha maji mpaka nyuzi 40 na kuongeza muda wa kukoroga.

Hatua ya 6: bechi yenyewe

Kwa lita 3,000 kwa gramu 3.8 unapata kilo 11.4 za magnesia. Usimwage unga mkavu, utafanya mabonge. Ukoroge kwanza na maji kama mara kumi ya uzito wake kwenye ndoo kubwa, halafu mwaga taratibu mixa ikizunguka. Koroga masaa mawili. Soma pH kila nusu saa na uandike. Ikisimama kwenye 8.5 hivi na haipandi tena, zima mixa na ondokeni. Mwendo wa mixa uwe wa polepole hasa mwishoni, ukikoroga kwa nguvu unavunja punje za tope na kesho yake maji hayatakuwa safi.

Lala. Asubuhi ndio unarudi, masaa 12 mpaka 16.

Hatua ya 7: toa maji ya juu

Fungua valvu ya juu kwanza, kisha ya chini yake, mpaka ukaribie tope. Chukua kidogo kwenye glasi, kama ni meupe endelea, kama yana vumbi la kijani simama usubiri. Ukifanya vizuri asilimia 95 mpaka 99 ya kromu imebaki chini. Lakini hayo maji bado sio ya kumwaga mtoni! Yana chumvi nyingi, magnesiamu salfeti na mabaki ya kromu, na vibali vya kumwaga vinahesabu kromu kwa miligramu chache tu kwa lita, kwa hiyo yapeleke kwenye mtambo wa kawaida wa kusafisha maji ya kiwanda. Kazi ya mtambo huo itakuwa nyepesi sana kuliko zamani, na tope lake halitakuwa tena na kromu nyingi. Sehemu ya maji hayo unaweza kuyarudisha kwenye kuandaa pikolingi maana chumvi tayari ipo, anza na kiasi kidogo na pima bome (kipimo cha ukali wa chumvi) kabla ya kuingiza ngozi. Chumvi ikipungua ngozi inavimba kwa asidi na hapo hamna dawa.

Hatua ya 8: yeyusha tope kwa asidi

Hapa ndio pa hatari, sikiliza vizuri. Asidi ya salfuriki ya asilimia 98, sio ile ya betri iliyochanganywa. Aproni ya mpira, glavu ndefu, buti, miwani ya kufunika na ngao ya uso, na bomba la maji yanayotoka liwe hatua mbili kutoka hapo. Asidi inaenda kwenye tope, tope haliendi kwenye asidi, kamwe. Weka na mfuko wa magadi soda karibu, asidi ikimwagika sakafuni unaua nayo.

Tope lako ni kama lita 300. Kuipata kromu yenye ubesi wa asilimia 33 unahitaji kama kilo 1.3 ya asidi kwa kila kilo ya oksidi, hiyo ni kilo 14, na kila kilo ya magnesia iliyobaki bila kutumika inakula kilo 2.4 nyingine. Kwa mfano wetu jumla itakuwa kati ya kilo 14 na 19, na kwa ujazo 19 ni kama lita 10 tu kwa sababu asidi hii ni nzito. Usiitie yote kwa kuwa kitabu kimesema. Tia kidogokidogo mixa ikizunguka, tope linapata moto, mvuke unatoka, tulia, soma pH, ongeza. Simama pH ikifika 2.5 mpaka 2.8. Plastiki ya tangi haipendi zaidi ya nyuzi 60, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tope likae bichi, usiliache wiki mbili. Likizeeka linakuwa gumu kuyeyuka na utatumia asidi nyingi zaidi. Ukishayeyusha liache litulie usiku mmoja tena, chuja kwa kitambaa cha polyester, pima kromu kwa taitresheni ileile ila punguza sampuli kwanza mara kumi kwa maji. Inatakiwa isome kama gramu 33 mpaka 35 kwa lita.

Hatua ya 9: rudisha kwenye drumu

Bechi inataka oksidi kilo 40, unayo kama 10.5. Kwa hiyo robo inatoka kwenye iliyorudishwa na robo tatu kwenye poda mpya. Viwanda vingi vinabaki kwenye 30 kwa 70 na ni mahali salama. Kumbuka iliyorudishwa ni maji, lita 300, basi punguza maji ya pikolingi kwa kiasi hichohicho la sivyo unazimua drumu lako. Weka iliyorudishwa kwanza, zungusha saa moja mpaka mbili, halafu poda mpya.

Usianze na ngozi za viatu vya rangi nyeupe. Anza na spliti (tabaka la chini la ngozi), bitana na rangi nyeusi au kahawia, angalia wetibluu inatokaje. Ikiwa na ukijivu au madoa, tafuta chuma au mafuta, rudi hatua ya 1 na ya 3. Na kila bechi fanya kipimo cha kuchemsha, kata kipande, chora umbo lake kwenye karatasi, kitie kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kilaze tena juu ya mchoro. Kikisinyaa sana kromu haijatosha au haijaingia mpaka katikati, ongeza muda kabla ya kuongeza dawa.

Mambo ya kutofanya kabisa

Usichome tope la kromu wala vumbi la mashine ya kunyoa ngozi, wala usilianike likapashwa moto kwa siku nyingi likiwa na alkali. Hewa na joto kwenye alkali vinaweza kuigeuza kromu ya daraja la tatu kuwa ya sita, na jivu lile la njano ndio balaa lenyewe. Wanunuzi wa Ulaya tangu Mei 2015 wanakataa bidhaa za ngozi zenye kromu ya sita kuanzia miligramu 3 kwa kilo, kontena lote linaweza kurudi. Usiuze mabaki ya ngozi ya kromu kwa watengeneza chakula cha kuku, kule Dhaka, Bangladesh, hilo limekuwa tatizo kubwa la afya na watu ndio wanaoila ile kromu mwishoni. Usitupe tope bustanini ukisema ni mbolea.

Na wewe mwenye kiwanda kidogo cha drumu moja au mbili, unayesema hii kazi sio saizi yako: pale Santa Croce sull'Arno, Italia, viwanda vya ngozi vimejiunga, kila kimoja kinakusanya maji yake ya kromu, mtambo mmoja wa pamoja unayapokea, unayapima, unarudisha kromu kwa kila mmoja kulingana na alichopeleka. Sehemu kama Athi River ambapo viwanda vipo karibukaribu, hilo linaweza kufanyika kwa matangi ya plastiki na lori moja. Kinachotakiwa kwa kila kiwanda ni hatua ya 1, ya 3 na daftari, hatua ya 4 mpaka ya 8 zinafanyika sehemu moja na mtu mmoja aliyesomea.

Daftari nalo usilidharau. Kila bechi andika tarehe, lita zilizokusanywa, gramu kwa lita, kilo za magnesia, pH ya mwisho, urefu wa tope asubuhi, kilo za asidi, gramu kwa lita za kromu iliyorudishwa, na bechi ya ngozi iliyoipokea. Siku ngozi ikitoka na madoa unafungua ukurasa na unajua ilianzia wapi, na siku mkaguzi wa mazingira akija unampa daftari alisome wakati unamwonyesha bomba la bluu na bomba jeupe.